Jina Lililo Chini ya Wino

Jibu la Mamlaka ya Mvua lilifika Jumatano, na kama majibu mawili yaliyolitangulia, lilijaa adabu pomoni. Lilimwita Kalunde "mwombaji mheshimiwa" mara nne. Lilimshukuru kwa subira yake, subira ambayo hakuwa nayo hata chembe. Likamtakia afya njema na msimu mwema. Baada ya hapo likamkabidhi kurasa kumi na moja zilizopakwa wino mweusi juu hadi chini, kama sufuria za msibani.

Jibu la kwanza lilisema taarifa anayoitafuta haipo. La pili lilisema ipo, ila ni siri. Hili la tatu lilisema si siri hata kidogo, isipokuwa imefunikwa ili kulinda faragha ya mtu wa tatu.

"Mtu wa tatu," Kalunde aliuambia ukuta. "Haya, wa kwanza nani na wa pili nani?"

Ukuta haukujibu. Haukuwa umejibu chochote kwa mwaka mmoja na miezi miwili.

Alizigongomea kurasa zile ukutani kwa misumari, pembeni ya zile za awali, kisha akarudi nyuma hatua mbili na kukunja mikono. Kalunde alikuwa na miaka sitini na mmoja, fundi mstaafu wa pampu za visima, mwanamke aliyewahi kuteremshwa kwa kamba mita arobaini chini ya ardhi na akapanda akiuliza kama chai imeiva. Hakuwa mtu wa kulialia. Lakini alijua jambo moja ambalo asingemwambia mtu: tangu mumewe Mihambo afariki, aliyemwandikia barua kwa uaminifu ni Mamlaka peke yake. Kila barua ilimalizika kwa "wako mtiifu". Neno hilo hata Mihambo hakuwahi kumwambia.

Katika ukurasa wa saba wino ulikuwa umeacha maneno machache yakipumua. *Kibali cha ukavu kimetolewa kwa*, kisha weusi. *Sababu ya ombi*, kisha weusi wa mistari minne. Chini yake, neno moja limekaa peke yake kama mgeni asiyekaribishwa: *Inakubalika.*

Jina lilikuwa pale chini. Kalunde alipitisha kidole juu ya wino, taratibu, kama anayepapasa bomba kutafuta panapovuja.

*

Siku hizi mvua ya Ugogo ilikuja kwa ratiba. Vishada vya Mamlaka, vyeupe na vikubwa kama paa la kanisa, vilipaa kutoka kwenye minara yake na kunyunyiza chumvi angani, vikiyaswaga mawingu kama ng'ombe hadi kijiji ambacho zamu yake imefika. Ukame ulikuwa umebaki hadithi ya wazee. Na aliyekuwa na harusi au mazishi aliweza kwenda kwenye kibanda cha kata, akasema na mashine, akaomba ukavu: saa mbili bila tone, katika duara la kilomita tatu. Ila mvua haifutwi, huhamishwa. Hilo liliandikwa chini ya fomu kwa herufi ndogo, na herufi ndogo husomwa na sisimizi tu.

Siku ya kumzika Bibi Sechelela, kijiji cha Chihembe kiliahidiwa mvua saa saba. Haikuja. Waombolezaji walimzika bibi yao katika vumbi, wakishangaa. Saa tisa, walipokuwa wakirudi makwao, kundi la watu watano lilishuka kuvuka korongo la Chibwe, mchanga mkavu, jua kali. Maji yalitoka juu, huko ambako hakuna aliyekuwa akitazama, yamebeba magogo na mbuzi wa watu. Mihambo alikuwa mmoja wa wale watano. Kalunde alikuwa nyumbani kwa sababu ya goti.

Mamlaka ilitoa tamko la sentensi moja: *Ukavu huo uliombwa na raia.*

Raia gani? Kijiji kilikuwa na jibu kabla ya swali. Siku ileile Hamdu, mwenye mashine ya kusaga, alikuwa akiozesha binti yake chini ya turubai jipya. Na aliyelitamka hilo wa kwanza, bombani, kwa kicheko chake kile cha kukata kama msumeno, ni Kalunde. Kufikia Ijumaa hakuna mwanamke aliyepeleka mtama kwa Hamdu. Walibeba magunia kichwani hadi kijiji cha pili, wakipita mbele ya mlango wake, na Hamdu akikaa kizingitini na unga wa jana kwenye kope.

*

"Mbukwa, mtani," Kalunde alisema, akiingia uani kwa Mama Chilewa.

"Mbukwa. Umekuja kuomba chumvi au kuiba kuku?"

"Kuku wenyewe hawa? Hata mwizi angewaachia chakula."

Miaka thelathini walisemezana hivyo. Kalunde na Mihambo walikuwa Wanyamwezi wawili waliokuja kuchimba visima katikati ya Wagogo, na Mgogo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya wapagazi. Hutukanana bila kununiana. Na mmoja akifiwa, mwenzake ndiye husimamia mazishi, akavaa kanzu ya marehemu, akaiga mwendo wake, akawachekesha wafiwa watake wasitake. Siku hizi maneno yalikuwa yaleyale. Kicheko tu ndicho kilichohama.

Mama Chilewa alikuwa akipepeta mtama. Binti yake, Chilewa, mwenye miaka ishirini na mitatu, alikuwa mtu wa pili kutoka mwisho katika mstari ule wa korongoni.

"Wamesemaje?"

"Wamenipakia wino tena. Nimekata rufaa kwa Baraza la Taarifa. Ijumaa naitwa mjini."

"Utaniletea jina?"

"Nitakuletea."

"Sitaki kipande. Lote."

"Lote, mtani wangu. Na la babu yake nikilipata."

Mama Chilewa aliweka ungo chini. "Sitamfanya kitu, usiogope. Nataka tu siku moja nikae naye, tutazamane. Basi."

Kalunde aliuokota ungo, akampepetea mtama uliobaki.

*

Chumba cha Baraza kilikuwa na viti arobaini na watu watatu. Wa kwanza alikuwa Ndahani, mkaguzi wa rufaa, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Wa pili, Bi. Mringi, wakili wa Mamlaka, kijana nadhifu mwenye sauti ya kubembelezea mtoto. Wa tatu alikuwa Kalunde na mfuko wake wa karatasi. Juu ya meza kulikuwa na kisanduku cha kijivu kilichoitwa Mwandishi, ambacho husikia kila neno na kuliweka kwenye kumbukumbu za serikali milele na milele.

"Ndahani," Kalunde alisema, akisoma kibao cha jina. "Mgogo huyu! Leo haki nitaipata wapi?"

Mdomo wa Ndahani ulicheza kidogo, kisha ukatulia. Akaonyesha kisanduku kwa kidevu. "Mama, utani umepigwa marufuku humu kwa waraka. Mwandishi haujui. Mwaka juzi karani wetu alimwambia mzee mmoja wa Tabora, 'Karibu, mpagazi wangu.' Mashine ikaandika kuwa karani anamiliki mtu. Karani yule yuko nyumbani hadi leo."

"Mzee wa Tabora hakumtetea?"

"Alimtetea. Alisema, 'Mwacheni, huyo ni mtumwa wangu.' Ndipo mambo yakaharibika zaidi."

Kalunde alicheka. Ndahani hakucheka, lakini aliivua miwani na kuifuta, na ilikuwa tayari safi.

Bi. Mringi alieleza hoja za Mamlaka. Ukurasa wa saba una jina la raia ambaye hakuridhia litajwe. Kalunde akajibu kwamba watu watano waliokufa nao hawakuridhia chochote. Akasema ameomba, amenyimwa, ameomba mapitio, amenyimwa kwa lugha nzuri zaidi, na sasa mwenye kufuta wino ni Baraza. Hakutumia wakili. Alitumia vidole vyake vya fundi, akihesabu kosa moja baada ya jingine.

Ndahani alisikiliza hadi mwisho. Kisha akainama mbele.

"Niulize jambo moja lisilo la kisheria, mama. Bibi Sechelela alikuwa Mgogo. Watoto wake Wagogo. Mvua ikimnyeshea maiti kwetu ni baraka; watu huimba. Sasa Mgogo gani ataomba mvua izuiwe siku ya kumzika mama yake?"

"Ndiyo maana nasema ni Hamdu. Hamdu si Mgogo. Alikuja na mashine yake kutoka pwani."

Mkaguzi alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyostahili. "Sheria inampa mwombaji robo saa," alisema. "Utausoma ukurasa peke yako, bila wino, kabla hujaniambia kama unaendelea na rufaa au unaiondoa. Ukiendelea, nitaamuru utolewe, na utakuwa wa watu wote. Ukiiondoa, hujauona."

"Nani mwendawazimu wa kuondoa akiwa amefika mlangoni?"

"Wapo," Ndahani alisema. "Chumba ni kile."

*

Chumba kile kilikuwa na kiti kimoja na kioo cha kompyuta juu ya meza. Hakikuwa na dirisha. Kalunde alikaa, akavaa miwani, na ukurasa wa saba ukatokea mbele yake mweupe kama sahani iliyooshwa.

*KIBALI CHA UKAVU KIMETOLEWA KWA: Mihambo Lubala, kwa niaba ya wafiwa.*

*UHUSIANO NA MAREHEMU: Mtani.*

*SABABU YA OMBI: Mwaka wa njaa nilimwomba bibi huyu maji ya kunywa. Akanipa nusu kibuyu, akasema Mnyamwezi hunywa kama mchanga. Leo mimi namnyima mvua nzima. Avumilie mpaka nishibe kuku wa matanga.*

*TATHMINI YA SABABU: Mgogoro wa maji baina ya wahusika. Inakubalika.*

Aliisikia sauti yake. Si kwamba aliikumbuka. Aliisikia, na ule mguno mdogo mwishoni aliokuwa akiutoa anapojua amefurahisha. Kalunde akacheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakiruhusu, kikubwa, kikagonga kuta nne za chumba kile kisicho na dirisha na kumrudia. Alipokisikia kinarudi peke yake, aliziba mdomo kwa kanga.

Sasa alielewa yote. Mtani hufichua vituko vyake siku ya kuanua matanga, mbele ya watu wote, ndipo adai kuku wake. Mihambo alikuwa ameweka kituko chake akiba. Siku ya tatu angesimama katikati ya uwanja, tumbo mbele, aseme, "Mnajua kwa nini mlizika katika vumbi?" Na Wagogo wangemrushia mchanga na kumkimbiza hadi bombani. Hakuifikia siku ya tatu. Siku ya tatu ndiyo waliyomwokota, maili sita chini. Na wakamzika kimyakimya, kwa sababu watani wote walikuwa wakizika wa kwao, na hakuna aliyebaki na mdomo wa kumwiga. Alizikwa kama mtu asiye na watani.

Chini ya ukurasa kulikuwa na mistari mitatu zaidi.

*ONYO LA MFUMO: Mvua iliyohamishwa itakusanyika korongo la Chibwe. Watu huvuka.*

*AFISA WA ZAMU: Amethibitisha.*

*MUDA ULIOTUMIKA KUSOMA ONYO: Sekunde mbili.*

Mlango uligongwa. Bi. Mringi aliingia na kusimama ukutani, maana kiti kilikuwa kimoja.

"Pole, mama."

"Ulijua."

"Nilijua. Wewe ulikuwa ukituandikia 'raia huyo katili', na mimi najua raia mwenyewe ni nani." Alionekana hana usingizi wa siku nyingi. "Sikuja kukutisha. Nimekuja kukueleza tu. Ukurasa una muhuri wa hesabu: kila neno limefumwa na jirani yake. Ukichomoa neno moja, muhuri unakufa, na karatasi haina nguvu mbele ya hakimu yeyote. Kwa hiyo unatoka mzima au hautoki. Kosa la afisa wetu likitoka, jina la mumeo linatoka nalo."

"Na nikiondoa rufaa?"

"Mihambo anabaki mtu aliyekufa na wenzake. Sisi tunarekebisha mambo ndani kwa ndani."

"Mmesharekebisha?"

"Iko kwenye mpango wa miaka mitano."

"Kwa hiyo leo mtu akienda kibandani akaleta masihara, mashine inaitikia?"

Bi. Mringi alitazama viatu vyake. "Inaitikia."

"Msimu unaanza lini?"

"Wiki tatu."

Kalunde alivua miwani. Ukurasa ukawa ukungu mweupe. Alimfikiria Mihambo, ambaye watoto wa Chihembe walimkimbilia kwa jina, na jinsi jina hilo litakavyotamkwa kuanzia kesho. Alimfikiria Hamdu na unga wake kwenye kope. Na aliyempaka unga huo usoni ni yeye, kwa ulimi wake mwenyewe. Akaufikiria uwanja wa Mama Chilewa, mahali pekee duniani ambapo bado aliulizwa kama amekuja kuiba kuku. Mahali hapo atapapoteza. Atarudi kwenye ukuta wake, na sasa hata Mamlaka haitakuwa na sababu ya kumwandikia.

"Mwanangu," alisema, "una umri wa miaka mingapi?"

"Thelathini na mmoja."

"Mimi nimekula chumvi nyingi. Bomba likivuja ukalifunika kwa kitambaa, sakafu itakauka, ndiyo. Lakini maji yanakwenda tu."

Akasimama, goti likalia, akatoka.

*

"Unaendelea au unaondoa?" Ndahani aliuliza.

"Naendelea."

Kisanduku cha kijivu kiliwaka taa. "Taja sababu ya kuendelea na rufaa," kilisema kwa sauti isiyo na kabila.

Kalunde alikiinamia kama anayesema na kiziwi. "Andika hivi. Mume wangu alitega kituko msibani, akachelewa kukifichua kwa mwaka mmoja na miezi miwili. Nimekuja kukifichua mimi. Kuku wake asipewe. Na yule aliyesoma onyo kwa sekunde mbili aitwe alisome tena, polepole, mbele yetu."

Taa ilipepesa. "Sababu inakubalika," kilisema Mwandishi.

Bi. Mringi aligeuza uso. Ndahani aligonga muhuri wake wa amri juu ya ukurasa wa saba usio na wino, akaisukuma karatasi mezani. Kalunde alikuwa ameshaikunja na kuiweka kifuani aliposikia kiti kikiburutwa. Mkaguzi alikuwa amesimama. Akatoa tumbo mbele, tumbo ambalo hakuwa nalo, akashika kiuno, akatembea kutoka meza hadi dirishani kwa mwendo wa mtu mnene anayejiona mwembamba. Hakuwahi kumwona Mihambo. Alikuwa amemsoma tu, katika mistari minne ya fomu.

"Wanyamwezi ninyi!" alisema kwa sauti iliyojaa chumba. "Upagazi hamtauacha! Hata ahera mtu anakwenda amebeba mzigo wa msiba wa wenzake kichwani, na kuku hajaonja!"

Kisanduku kilikuwa kikiandika kila neno.

"Mzee," Kalunde alisema, machozi yakimwingia mdomoni, akicheka, "watakufukuza kazi."

"Nimebakiza miezi minne. Kaa, mtani. Sijamaliza kumzika."

*

Alishuka Chihembe saa kumi. Hakupita nyumbani. Kwanza alisimama kizingitini kwa Hamdu, akasema alichokwenda kusema, na Hamdu akamsikiliza bila kumwangalia, kisha akafunga mlango taratibu, bila kuubamiza. Ingekuwa afadhali angeubamiza.

Kutoka pale hadi kwa Mama Chilewa ni hatua mia mbili. Alizihesabu. Karatasi ilimwasha kifuani kama upupu.

"Hodi," alisema.

Ungo ulikuwa ukisikika ndani ya ua.

"Hodi."

"Nani? Mwizi wa kuku?"

Kalunde alikuwa na jibu. Lilikuwa zuri, moja kati ya mazuri aliyowahi kuyatunga. Akalimeza, akaingia, akakaa chini kwenye mchanga badala ya kigoda, kama wakaavyo wenye kuleta habari ya msiba. Mama Chilewa alimwona alivyokaa. Ungo ukasimama.

"Umelipata."

"Nimelipata."

"Lote?"

"Lote." Akatoa karatasi, akaikunjua juu ya mapaja, akainyoosha kwa viganja. "Ulisema ukimjua utataka mkae mtazamane."

"Nilisema. Ni mtu wa wapi?"

Kalunde aliinua uso, akamtazama.

"Ni wa kwangu," alisema.